Kingamwili ya Panya na Mguu wa Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Februari. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeushika mlima Rungwe mpaka miguuni, baridi ya kuvaa sweta mbili. Hayo ndiyo maneno ya kwanza katika daftari langu la kwanza la kazi. Chini yake nimeandika: "Nimeoshwa na mvua, nimeosha sakafu." Sikumbuki kama nilikuwa natania au nilikuwa naeleza tu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa maabara wameniambia, "Mama Lusajo, tuandikie ya zamani, wewe unayo madaftari." Nayo ninayo, lakini elimu yangu ni darasa la saba, na mambo mengine niliyaona kwa macho bila kuyaelewa kwa kichwa. Nikikosea kueleza, msomi anisahihishe. Hospitali sitaitaja. Kosa nitakalolisimulia ni langu, na kidogo la mtu mwingine, na sitaki hospitali yoyote ya wilaya hii ibebeshwe mzigo wangu.

Basi siku ile ya kwanza niliajiriwa kufagia na kuosha. Nikaambiwa nifute vumbi kwenye rafu ya maabara. Nikainua chupa moja, ndani yake kidole cha mguu cha mtu, kucha na vyote. Nikaangusha ndoo. Maji yakaenda mpaka chini ya meza ya bwana mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ambaye hakuinua hata macho kutoka kwenye darubini.

"Usiogope," akasema. "Mwenyewe yuko Kyela anauza mchele."

Huyo ndiye Bwana Salum, fundi mkuu wa maabara, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Alikuwa mtoto wa mjini hapa Tukuyu, babu yake alikuja na biashara ya nguo. Kinyakyusa alikisema vizuri kuliko baadhi yetu, lakini mila zetu hazikumfunga, na alizitania kila alipopata nafasi. Nasi tulimtania kwa kofia yake.

Kutoka kufagia hadi kushika kazi ya maabara sikupanda kwa akili. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, redio za betri, sabuni za kunukia za kila rangi, na maduka ya dawa ya watu binafsi. Wasaidizi wawili wa Bwana Salum waliacha kazi mwezi mmoja, kila mmoja akafungua duka lake la dawa, yanatazamana. Akabaki peke yake. Akanitazama nikiwa na fagio, akauliza, "Wewe, unajua kusoma?" Nikasema najua. "Na kukata kitunguu?" Nikasema najua pia. "Basi weka fagio."

Kuhusu kitunguu hakuwa anatania. Kazi aliyonipa ilikuwa ya kutayarisha vinyama. Mgonjwa akikatwa kipande cha uvimbe au kidonda, kile kipande kinaletwa ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Unakipunguza, unakifunga kwenye kijaluba kidogo pamoja na kikaratasi chenye jina, unakipitisha kwenye spiriti na dawa nyingine siku nzima, kisha unakizamisha kwenye nta. Nta ikiganda unaikata kwa mashine yenye wembe, utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Unaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unauopoa kwa kioo. Utando ulikuwa unang'ang'ania kioo kwa ute wa yai. Wiki ya kwanza niliharibu mayai mengi kuliko vioo, na mpishi wa hospitali alilalamika kwamba maabara imegeuka kuku kinyume, inameza mayai badala ya kutaga.

Sheria za Bwana Salum zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: "Nyama isiyo na jina ni ya bucha." Ya pili: jina liandikwe kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, kwa sababu spiriti inakunywa wino wote na kikaratasi kinatoka cheupe kama kilivyotoka dukani. Nilizishika sheria hizo miaka mitano bila kosa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu, maana mnaona ninakoelekea.

Mwaka wa sita akaja Daktari Theresia kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye haraka. Alikuwa anafanya utafiti wa vidonda sugu vya miguu, vile ambavyo watu wetu wanavyo miaka na miaka, vya moto, vya panga, vya kuumia shambani. Vingi ni vidonda tu. Vichache hugeuka saratani. Tabu ni kwamba kidonda kilichochokozwa muda mrefu, ukikitazama kwenye darubini, kinaweza kufanana sana na saratani, na daktari akaogopa kusema lolote. Akikosea upande huu mtu anakatwa mguu wake mzima bure, akikosea upande ule mtu anazikwa.

Kwa ajili ya hilo alileta chupa. Nilitegemea chupa kubwa. Alifungua flaski ya barafu akatoa kitu kama kofia ya kalamu, ndani yake maji kidogo, hayajai hata kijiko cha chai.

"Hii ndiyo dawa yenyewe?" nikauliza.

"Si dawa, Mama Lusajo. Ni kingamwili."

"Imetoka wapi?"

"Ulaya."

"Nani anaitengeneza?"

"Panya," akasema.

Nikamtazama Bwana Salum nione kama anacheka. Hakucheka, ila aliacha kutafuna karanga zake. Daktari akatueleza, na nilivyoandika jioni ile ndivyo ninavyonakili hapa. Seli ya mtu, kabla ya kugawanyika kuwa mbili, inanakili kwanza maandishi yake yote ya ndani, wanayaita DNA. Kuna protini inayoshika kazi hiyo ya kunakili, kama karani. Seli iliyotulia haina karani huyo mezani, au anaye kidogo sana. Inayojiandaa kuzaa inaye tele. Sasa wale wazungu wanamchoma panya sindano yenye protini hiyo ya binadamu. Mwili wa panya unaiona kuwa mgeni, unatengeneza askari wa kuikamata, ndio hao kingamwili. Kisha seli za panya zinazotengeneza askari hao wanazifuga ndani ya chupa, zinaendelea kutoa askari wale wale hata panya mwenyewe akiwa hayupo.

"Wanafuga seli?" nikasema. "Kama kuku?"

"Kama kuku. Na zinalishwa."

"Na panya anamjua binadamu kwa ndani kuliko sisi," akasema Bwana Salum. "Ndiyo maana anakula mahindi yetu bila hofu."

Tulicheka, lakini mimi nilishtuka kweli, na sijamaliza kushtuka mpaka leo. Miaka yote nilikuwa nawaua kwa mtego pale ghalani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vioo vilichemshwa kwanza ndani ya presha kuka, ambayo Daktari aliinunua dukani hapa mjini, mpya, yenye picha ya maharage kwenye boksi. Mpishi akapita akauliza, "Leo maabara mnakula nini?" Baadaye unadondosha tone la kingamwili juu ya utando, unaacha kioo kilale ndani ya kopo la biskuti lenye kitambaa kibichi kisikauke. Unaosha. Unaweka dawa ya pili inayomshika yule askari wa panya, kisha ile inayoleta rangi. Seli yenye karani inageuka kahawia, kama chai iliyokolea. Nyingine zinabaki buluu. Kila mara tuliweka na kioo cha tezi ya koo, ambacho tulijua lazima kitakuwa na kahawia. Kisipokuwa nayo, kazi yote ya siku hiyo ni bure.

Daktari alinionyesha mwenyewe. Kwenye kidonda cha kawaida kahawia inakaa safu ya chini ya ngozi, imejipanga kama mbegu kwenye tuta. Kwenye saratani hakuna tuta. Kahawia imetapakaa chini, katikati, juu, ndani ya nyama. Alisisitiza, nami nasisitiza ili nisimsingizie, kwamba rangi peke yake haihukumu. Alitazama pia umbo la seli na mengine asiyoweza kunieleza. Lakini rangi ndiyo iliyomtoa kwenye wasiwasi.

Tukaenda hivyo miezi kadhaa. Chupa ikawa inaisha.

Sasa nafika kwenye Ijumaa ile. Lazima kwanza nieleze jambo ambalo vijana wa siku hizi mnalicheka. Kwetu mwanamke akiolewa hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, hataji jina lake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Tunasema ukutila, yaani kuogopa, lakini si woga wa kuogopa nyoka, ni heshima. Wapo walioanza kuliacha hata wakati ule, hasa mjini, na siwahukumu. Mimi nilifundishwa na mama yangu, na nilikuwa nimeolewa miaka kumi na moja bila kuona zaidi ya mgongo wa Mzee na fimbo yake. Hata sasa jina lake siliandiki. Nitamwita Mzee.

Ijumaa hiyo Bwana Salum alikuwa amekwenda msikitini. Zikaletwa chupa mbili kutoka chumba cha upasuaji mdogo, kila moja na fomu yake imefungwa kwa mpira. Zote mbili zimeandikwa kidonda sugu cha mguu. Nikapokea, nikatia sahihi kwenye kitabu kwa kalamu ya wino, kama ilivyo desturi ya kitabu kile. Nikafungua fomu ya kwanza. Jina la Mzee.

Sikujua kama anaumwa kiasi hicho. Nilijua ana kovu la moto la ujanani kwenye muundi, na kwamba siku hizi linatoa maji, lakini mume wangu hakuniambia kuwa amekuja hospitali. Baadaye alisema Mzee mwenyewe alikataza. Nilisimama pale na kipande cha baba mkwe wangu ndani ya chupa mkononi mwangu. Sikujua nigeuze uso au nifanye kazi. Nikafunika fomu kwa kitambaa. Nikakata kile kinyama, nikakiweka kwenye kijaluba, na kikaratasi chake nikakiacha cheupe. Nikajiambia: cheupe ni cha Mzee, Bwana Salum akirudi ataandika. Halafu nikafungua fomu ya pili, ya kijana mmoja mchuma chai aitwaye Ambakisye, nikaandika jina lake upesi, kwa kalamu iliyokuwa bado mkononi. Ile ya wino.

Mnaona kilichotokea. Bwana Salum alitoka msikitini akapitia msibani, hakurudi siku ile. Jumamosi nikafungua vijaluba baada ya kupita kwenye spiriti. Karatasi mbili nyeupe.

Nilikaa chini. Fomu nazo hazikusaidia, zinasema mguu na mguu, na chupa nilikuwa nimeshaziosha, maana nilikuwa mtu wa usafi. Bwana Salum akaingia.

"Mbona vinyama viko uchi?"

Nikamweleza nusu. Nikamwambia kimoja nimeshindwa kuandika jina, anajua kwa nini. Sikumwambia habari ya wino, naye hakuuliza kwa nini cha pili nacho hakina jina.

"Haya, mkwe mwema, kipi ni cha nani?"

Nikavitazama. Kimoja kilikuwa kigumu, kimepauka. Nikafikiri, ngozi ya mzee ni kavu. "Hiki kigumu ni cha… cha huyo. Kingine cha Ambakisye."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hapo ndipo penyewe. Wino ni bahati mbaya, na mila naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, lakini kile kinywa kilichosema "nina hakika" kilikuwa changu, na hakuna aliyekilazimisha. Bwana Salum aliandika majina kwa penseli kwa kuniamini. Lawama yake ni hiyo tu, kwamba aliniamini.

Jumanne Daktari akasoma vioo. Kile nilichosema ni cha Mzee kilikuwa na mstari wake safi wa kahawia chini, mbegu kwenye tuta. Cha Ambakisye kilikuwa kahawia tupu, imechafuka kila upande. Daktari akavua miwani.

"Huyu kijana mguu hauna budi kukatwa," akasema. "Alhamisi."

Mimi nilifurahi. Nimeliandika hilo daftarini siku hiyo hiyo: "Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi." Mume wangu nilimwambia jioni kuwa Mzee ni kidonda tu, naye akampelekea baba yake habari.

Jumatano asubuhi nikamkuta Ambakisye kwenye benchi nje ya wodi, amenyoosha mguu wenye bandeji. Alikuwa kijana wa umri wa kuanza kutafuta mke. Alijikata kwa panga akisafisha shamba la chai miaka miwili nyuma na kidonda kikakataa kupona. Hakunijua. Nikamsalimia, nikasema pole. Sikujua niseme nini, nikasema ujinga, nikasema labda kazi ataweza kuendelea nayo, chai inachumwa kwa mikono.

Akacheka. "Chai inachumwa kwa mikono, mama. Lakini kikapu kinabebwa kwa miguu."

Hakulisema kwa uchungu. Ni hivyo tu alivyokuwa ameshalipigia hesabu. Nikaingia maabara, nikafunga mlango, nikawaambia Bwana Salum na Daktari kila kitu. Wino, karatasi mbili nyeupe, na kwamba nilibahatisha. Na kwamba sijui kama nilibahatisha kwa ugumu wa nyama au kwa kutaka Mzee awe mzima.

Bwana Salum aliangalia dirishani. Daktari Theresia akasukuma darubini kando.

"Kwa nini hukuandika jina la kwanza?" akauliza. "Ulikuwa na penseli."

"Ni baba mkwe wangu."

"Najua sasa kwamba ni baba mkwe wako. Nauliza kwa nini hukuandika."

"Ndiyo hiyo, Daktari," akasema Bwana Salum. "Hapa hilo ndilo jibu lenyewe."

Akamweleza. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kiti changu. "Makosa ya maabara nimeyasoma yote," akasema taratibu. "Hili halimo kitabuni." Halafu akakasirika, na alikuwa na haki. Alisema mtu angeamka kesho hana mguu kwa sababu ya adabu yangu. Nikajibu ndiyo. Akasema ningeweza kuandika hata namba. Nikajibu ndiyo. Kweli ningeweza. Mpaka leo najiuliza kwa nini namba haikunijia kichwani.

Upasuaji ukaahirishwa. Wagonjwa wote wawili wakakatwa vipande vipya, safari hii Bwana Salum akiwa kando ya kitanda na penseli sikioni. Tatizo likawa chupa. Daktari aliinyanyua kwenye mwanga: imebaki ya vioo vitatu. Kimoja cha tezi ya koo, kimoja cha Mzee, kimoja cha Ambakisye. Nyingine haiji mpaka iagizwe Ulaya, na miguu haikuwa ya kungoja.

Nilidhani nitaondolewa kwenye kazi hiyo. Bwana Salum akasema, "Mkono wangu unatetemeka siku hizi. Atadondosha yeye. Majina nimeandika mimi." Nikadondosha. Sijawahi kushika kitu kizito kama yale matone matatu.

Ijumaa mchana rangi ikatoka. Tezi ya koo: nzuri. Cha Ambakisye: mstari chini, safi. Daktari akaweka cha Mzee. Akatazama muda mrefu, akatazama na kile cha rangi ya kawaida, akarudi tena. Kisha akasimama akanipisha.

"Tazama."

"Siwezi, Daktari."

"Wewe ndiye uliyekiandaa. Tazama."

Nilirudi nyuma. Miaka kumi na moja sijamwona Mzee macho yake yana rangi gani, leo nimtazame ndani ya nyama yake? Bwana Salum akasema kwa upole, hakutania, "Mama Lusajo, huo si uso wake."

Nikainama nikatazama. Kahawia kila mahali. Chini, juu, visiwa visiwa ndani ya nyama. Makarani wote wako mezani wananakili, na hakuna aliyewatuma. Nilipiga kelele, naambiwa, mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilifunika kichwa kwa kanga mbele ya darubini, kama nimekutana naye njiani.

Ambakisye aliambiwa siku ile ile. Aliuliza tu, "Kwa hiyo naweza kurudi shamba?" Dawa ya kidonda alipewa, na kilichukua muda, lakini kilifunga.

Mzee aligoma. Mume wangu alimwambia Jumamosi, akarudi nyumbani kwetu Bagamoyo, Bagamoyo hii ya Tukuyu, akakaa mlangoni. "Anasema Jumanne mlimpa mguu, leo mnamnyang'anya. Hasaini." Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Ungenyamaza, ingekuwaje?" Nikamwambia angekatwa kijana wa watu, na baba angekufa na miguu yake miwili. Akasema anajua. Akasema alitaka kusikia nikilisema. Mume wangu ni mtu mwema, lakini siku hizo mbili alilala ameelekea ukutani.

Chakula nilichopika kikapelekwa wodini kikarudi kama kilivyokwenda. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu mama mkwe alikuja maabara, mlangoni kabisa, mtandio begani.

"Twende," akasema. "Baba yako anataka kukuuliza."

"Mama, ataniulizaje?"

"Mimi nina mdomo."

Tukaenda. Wodi ya wanaume ina pazia mlangoni. Mzee alikuwa kitanda cha kwanza, nyuma ya pazia. Mimi nikapiga magoti ukumbini upande wa pili, kanga imefunika kichwa. Mama akasimama katikati ameshika pazia, nusu ndani nusu nje. Tulikuwa mbali kiasi cha hatua mbili, kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwulize," ikasema sauti ya Mzee, "kile cha kwanza alisema kizima. Cha pili anasema kimeoza. Nimwamini yupi?"

"Baba yako anauliza," akasema mama, "cha kwanza ulisema kizima, cha pili kimeoza, akuamini yupi."

"Mwambie, mama, cha kwanza nilibahatisha. Nilitaka kiwe chake kile kizima. Cha pili nimekiona."

"Anasema cha kwanza alibahatisha, alitaka—"

"Nimesikia," akasema Mzee. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa, nadhani alikuwa anacheka. "Mwulize, alikiona kwa macho yake mwenyewe, au ameambiwa na wale wa Dar es Salaam?"

"Kwa macho yangu," nikasema, nikasahau kumpitisha mama.

Mama alinitazama kwa ukali, kisha akatazama ndani.

"Kikoje?" Mzee akauliza. Sasa aliniuliza mimi, pazia tupu katikati.

Nilitafuta neno. Nikasema, "Ni kama magugu. Kwa Ambakisye mbegu ziko kwenye tuta. Kwako tuta halipo, yamemea kila mahali, na bado yanamea."

Mzee alikuwa mkulima tangu kuzaliwa. Nikasikia kitanda kinalia, anajigeuza.

"Yule kijana," akasema, "mguu wake amebaki nao?"

"Amebaki nao."

"Mwambie Mama Lusajo," akasema, akirudi kwenye adabu, sauti imeinuliwa kidogo ili mama apate kazi yake, "kudanganya hajui. Afadhali aendelee kupika. Na huyo daktari alete hiyo karatasi, nina dole gumba."

"Baba yako anasema kudanganya hujui," akasema mama, na machozi yalikuwa yanamtoka, "uende ukapike."

"Ndaga, mama," nikasema, yaani asante. "Mwambie ndaga fijo."

"Amesikia. Ondoka."

Mguu ulikatwa keshokutwa yake, juu ya goti. Aliishi miaka mingi kwa gongo, akapanda kahawa mpya, na kila alipopita karibu na nyumba yetu aligonga lile gongo kwenye jiwe kwa mbali ili nipate muda wa kujificha. Maabara nako tulibadilisha utaratibu. Bwana Salum aliandika orodha ya wakwe ya wafanyakazi wote, akaibandika ndani ya kabati. Ilichukua wiki nzima, kwa sababu hakuna mwanamke aliyeweza kumtajia jina, ilibidi amwelezee mwenzake ni mzee wa nyumba gani, mwenzake amtajie yeye. Kila fomu ilipoingia alitazama orodha kwanza. Na kila kinyama kilipata namba kabla ya jina. Daktari Theresia alinakili orodha ile akaenda nayo Dar. Alisema ataionyesha darasani, sijui kama walimwamini.

Sikuandika haya ili vijana mdharau mila, wala ili mniambie nilikuwa shujaa kwa kukiri. Nilichelewa siku nne kukiri, na ya tano ingemkata kijana mguu.

Jumatatu ile nilipofika nyumbani nilikata mkungu uliokuwa umekomaa kuliko yote, nikachinja jogoo, nikapika ndizi kwa maziwa, na mume wangu akabeba sufuria nzima hadi wodini. Ilirudi kabla ya giza, tupu, imefutwa mpaka chini. Sisi nyumbani tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi.